Kisanduku Kilichogonga Wakati wa Rozari

Marehemu Otmar Lusesa hakufuga jini. Hilo litangulie, kwa kuwa ndilo linalotangulia kusemwa kila jina lake linapotajwa mtaani Nyahanga, hapa Kahama, sokoni na hata mlangoni pa kanisa. Hakuwa na jini wa mali, hakuficha mkono wa maiti, wala hakwenda machimboni kutafuta dawa ya kuvuta watu. Kisanduku kilikuwepo. Kiligonga pia, na kiligonga wakati wa rozari, tendo la tatu, mbele ya watu kumi na wanne wa jumuiya. Lakini ndani yake kulikuwa na mota ya redio kaseti, mipira miwili ya kufungia vifurushi, kipande cha mninga na soli ya kandambili. Anayeandika haya ni mkewe, aliyefundisha shule za sekondari miaka ishirini na sita, na kandambili ile ilikuwa yake.

Wapo wanaoongeza kwamba hata kisanduku kilipovunjwa, kugonga hakukukoma. Hilo nalo lina mahali pake, litafikiwa.

Otmar alizaliwa Ushirombo, katika nyumba ya wakulima waliopanga siku yao kwa kengele ya misheni. Baba yake alikuwa Msumbwa, mama yake Msukuma wa Samuye, na kwa babu yake huko Samuye ndiko alikopelekwa kila likizo ya mavuno. Babu alikuwa mcheza ngoma wa chama cha Bagika. Baada ya mavuno Bagika na Bagalu walikutana uwanjani, kila chama upande wake, wakacheza kwa wakati mmoja. Hapakuwa na mwamuzi wala filimbi. Watu walisimama katikati, na upande waliousogelea wengi ndio ulioshinda. Babu aliwahi kuwavuta kwa nyoka wa mbao aliyefungua kinywa, mwaka mwingine kwa kupanda juu ya nguzo na kujifanya ameanguka. Otmar alitazama yote hayo kutoka nyuma ya ua, kwani mama yake alikuwa ameahidi kwa padri kwamba mwanawe hatakanyaga uwanja wa ngoma. Alitii. Alipelekwa seminari ndogo, akaitoka kwa heshima baada ya miaka minne, akajifunza ufundi wa redio, akaoa mwalimu, akafungua kibanda Kahama pembeni mwa duka la vitambaa la Jashvant.

Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye vidole vyembamba na maneno machache. Katika mji ambao kila mtu alikuwa na mgomvi wake, yeye hakuwa na hata mmoja. Watu waliliona hilo kuwa sifa. Yeye mwenyewe, ilikuja kujulikana, hakuliona hivyo.

Mwaka 1993 Jashvant alimletea mashine ya gemu ambayo shemeji yake aliibeba kutoka Dubai. Umeme wa Kahama ulikuwa umeipiga siku ya kwanza tu ilipochomekwa. Otmar aliifungua, akaiwekea transfoma ya redio ya zamani, ikawaka. Kuijaribu kulihitaji watu wawili, pedi mbili za vitufe, kwa hiyo akamwita Ankit, mtoto wa kiume wa Jashvant, kijana wa miaka ishirini na minne aliyekuwa akisubiri karatasi za kwenda kusoma Uingereza. Ulikuwa mchezo wa ngumi na mateke. Watu wanane wa kuchagua, kila mmoja na mapigo yake, na juu ya kioo mistari miwili ya uhai iliyopungua kila pigo lilipotua. Majina yao yalikuwa ya Kijapani, hakuna aliyeyasoma. Ankit alimchagua mwanamke mwenye shali ndefu, wakamwita Mama Shali. Otmar akamchukua Kipara.

"Fundi, umekufa," alisema Ankit baada ya nusu dakika.

"Nimekufa vizuri lakini."

"Hakuna kufa vizuri. Shika pedi."

Kwa miezi saba, kila Jumamosi duka lilipofungwa kwa chakula cha mchana, walicheza katika chumba cha nyuma, kati ya majora ya khanga, huku Lataben, mama yake Ankit, akiwaletea chai ya tangawizi na kuuliza kama watu wazima hawaoni aibu. Kwa miezi saba Otmar hakupata raundi hata moja. Ankit alikuwa na mashine kama ile tangu utotoni kwa mjomba wake Nairobi, alicheza na binamu watano, wote wakali. Mikono yake ilijua kabla ya kichwa.

Januari 1994 karatasi zilifika. Siku ya kuondoka Ankit aliiweka mashine kwenye boksi, akaileta kibandani.

"Baki nayo. Baba haitaki dukani, anasema wateja wanatazama tu hawanunui. Nitarudi Diwali. Nipige raundi moja, fundi. Moja tu. Ndipo nitakuita mchezaji."

"Na nisipoweza?"

"Nitakuita fundi. Si vibaya."

Otmar alicheka pamoja naye, lakini jioni, wakati wa chakula, alimwambia mkewe jambo ambalo hakuwahi kumwambia katika miaka kumi na mitatu ya ndoa.

"Mama Philo, mimi sijawahi kushindana na mtu. Seminari tulikatazwa. Kazini napo hakuna kushindana, redio inapona au haiponi. Nataka nijue."

"Ujue nini, Baba Philo?"

"Kama ningesimama upande mmoja na mtu upande wa pili, ningekuwa nani."

Philomena, mtoto wao pekee, alikuwa bweni Tabora. Nyumba ilikuwa na nafasi ya swali kama hilo.

Tatizo lilijulikana wiki ya kwanza. Kahama nzima hakuwepo mtu wa kucheza naye. Aliwaalika mafundi wenzake, wakabonyeza vitufe vyote kwa mpigo kama watu wanaoua mende, wakacheka, wakaenda zao. Alimjaribu mwalimu wa hesabu, rafiki wa mkewe, naye akasema macho yanamuuma. Kucheza na mashine yenyewe kulimfaa mwezi mmoja. Baada ya hapo aliijua kama mtu anavyomjua jirani mwenye hadithi tatu: alijua itasema nini kabla haijafungua mdomo.

Basi mwezi wa tano, aliposikia kwamba mwenye banda la video kule Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu, anatafuta fundi wa kumtengenezea jenereta, alikubali, akaifunga mashine kwenye shuka, akaenda nayo. Hiyo ndiyo safari ya "dawa ya kuvuta watu". Alikaa Nyarugusu wiki tisa. Mchana alitengeneza, na saa kumi, wanaapolo, yaani wachimbaji, walipotoka mashimoni na vumbi jeupe kwenye kope, aliwasha gemu, akacheza na kila aliyetaka.

Hao walipenda kushindana, hilo halina ubishi. Walikaa kwenye mabenchi wakibebana mabegani.

"Bonge, mkalie! Mkalie huyo Kipara!"

"Amkalie nani? Fundi yuko hewani kama kipanga!"

"Fundi, piga ile ya kuzunguka! Ile ya kuzunguka, nakuomba kwa jina la mama yako!"

Na Otmar aliipiga ile ya kuzunguka. Aliruka, Kipara akajipinda mara mbili angani, akashuka na kisigino juu ya kichwa cha Bonge, yule mnene kiooni, na banda zima likanyanyuka. Watu waliokuwa wakinunua karanga nje waliacha karanga. Alijisikia, alivyomweleza mkewe baadaye, kama mtu aliyevuka ua wa babu yake na kuingia uwanjani mwenyewe. Alibuni mitindo. Alijifanya ameshindwa, akaacha uhai ubaki uzi, kisha akaruka. Walikuja kutoka machimbo ya pili kumwona. Upande wake ndio uliosogelewa na watu, na katika damu ya upande wa mama yake hakukuwa na kipimo kingine cha ushindi.

Mtu mmoja tu kule alikuwa na mkono. Aliitwa Agapiti, mchimbaji kutoka Bukombe, mfupi, asiyecheka. Huyu hakubonyeza ovyo. Alikaa benchi la nyuma siku nne akitazama, ya tano akashika pedi, ya sita akaanza kujikinga. Katika juma la pili alimnyima Otmar ile ya kuzunguka mara tatu mfululizo, na watu wakanung'unika kwa kuwa wamenyimwa raha.

"Agapiti, umejuaje kwamba nitaruka?"

"Unaruka kila mara, mwalimu."

"Kesho njoo mapema. Tucheze kabla hawajajaa."

"Nitakuja."

Asubuhi yake habari zilifika kwamba kumetema mahali pengine, upande wa Ushetu, maana yake dhahabu imeonekana huko. Kabla ya saa nne nusu ya kambi ilikuwa imekunja maturubai. Otmar alimkuta Agapiti barabarani na sululu begani.

"Tulikuwa tucheze," Otmar alisema.

"Tutacheza, mwalimu. Dunia ndogo."

Dunia si ndogo. Hawakuonana tena. Otmar alicheza juma moja zaidi na waliobaki, akawapiga wote, wakamshangilia wote, akarudi Kahama.

Diwali ile Jashvant aliweka taa juu ya ukuta wote wa duka, na Ankit alirudi na koti la baridi ambalo hakuwa na pa kulivaa. Walikaa chumba cha nyuma. Runinga ya Jashvant sasa ilikuwa mpya, ya rangi; ile yake ya zamani, ya Nyarugusu na ya Otmar nyumbani hazikuwa, na ndipo alipojua kwamba kaptura ya Kipara ni nyekundu. Aliichukulia kuwa dalili njema.

Walicheza raundi kumi. Mama Shali alichuchumaa. Kipara aliruka, akajipinda, na alipokuwa akishuka Mama Shali alinyoosha mguu akampiga ngwala. Kipara akaanguka, akainuka, akaruka, akapigwa ngwala. Ankit hakutumia pigo jingine mchana ule. Raundi kumi kwa ngwala moja. Lataben aliingia na sahani ya ladu, vitamutamu vya sikukuu, akatazama kioo, akatazama uso wa Otmar, akaiweka sahani chini.

"Kila ukitaka kuruka unarudi nyuma hatua moja," Ankit alisema kwa upole. "Kila mara. Huko machimboni ulicheza na watu au uliwachezea watu?"

"Walikuwa wakinishangilia."

"Ndiyo hiyo. Umejifunza kupendwa, fundi. Hujajifunza kupiga." Akaiweka pedi. "Mwaka kesho siji. Mwaka wa pili, Desemba, dada Anjali anaolewa. Nitakuja."

Otmar alitembea mpaka Nyahanga na mashine chini ya kwapa. Mkewe alimfungulia mlango. Alikula, akanawa, akakaa. Kisha akasema, "Raundi kumi, Mama Philo. Amenipiga kwa mguu mmoja." Akaongeza: "Babu angefanyaje?" Swali hilo halikuelekezwa kwa yeyote nyumbani.

Hapo ndipo kisanduku kilipozaliwa. Kwa kuwa hakuwa na mtu, aliamua kumtengeneza. Hakuhitaji mtu mzima, alihitaji mguu mmoja. Aliifunga pedi ya pili kwenye kipande cha mninga, akakibana kitufe cha kuchuchumaa kwa kijiti, akachukua mota ya redio kaseti iliyokosa mwenyewe, akaipunguza mwendo kwa mipira. Juu ya mota aliweka kisahani cha raba alichokikata kwenye soli, chenye meno pembeni. Kisahani kilizunguka, jino likasukuma wenzo, wenzo ukagonga kitufe cha ngwala. Tak. Tak-tak. Kimya. Tak. Mama Shali alichuchumaa upande wa pili wa kioo akinyoosha mguu, na Kipara alitakiwa kumfikia bila kuruka. Yote akayafunika kwa kisanduku cha mbao kilichowahi kuwa cha spika, ili vumbi lisiingie.

Alicheza kila siku kuanzia saa tisa alasiri, alipofunga kibanda, mpaka umeme ulipokatika. Hakuna aliyemshangilia. Kutoka sebuleni, mkewe akisahihisha madaftari, alisikia kule kugonga na pumzi ya mumewe, na mara chache kiti kikisogea. Hata redio haikuwashwa. Wageni walipungua, kwani mwenyeji alikuwa akiwasalimia dirishani na kurudi ndani. Kama mtu anataka kujua upweke ni nini, asitafute jangwani. Amtazame mtu mzima akipigana na soli ya kandambili.

Siku ya tatu alitoka chumbani amekunja uso.

"Nimekijua kisahani chote. Kina meno tisa. Nimeyakata mwenyewe, nayakumbuka hata nikifumba macho."

"Kata kingine."

"Nitakikumbuka nacho."

Alimtazama mkewe kama mtu aliyeona kitu kilichokuwa mezani siku zote.

"Kata wewe, Mama Philo. Kata upendavyo. Usinionyeshe."

Mkewe alikataa, kwa kweli. Alikuwa na madaftari themanini ya kidato cha pili, na alikuwa na jina lake la kulinda kama mwalimu wa nidhamu. Lakini kandambili zake zilikuwa zimekatika kamba, na mkasi ulikuwa karibu. Akakata kisahani cha kwanza kwa kubahatisha, akakipeleka kimefungwa kwenye gazeti, akakipachika yeye mwenyewe chini ya kisanduku. Otmar alikishinda kwa siku mbili. Cha pili alikikata akifikiri kidogo: mumewe ana haraka, basi mpe kimya kirefu kwanza, asogee, kisha meno matatu ya mfululizo. Hicho kilimchukua wiki. Cha tatu, cha nne. Akaanza kumsikiliza kupitia ukutani, akijua kwa kusogea kwa kiti ni jino lipi lililomwangusha. Cha sita alikikata Jumapili nzima. Hicho Otmar hakukishinda mwezi wa kwanza, wala wa pili.

"Nani kakufundisha ubaya huu?" alimuuliza akitoka na jasho.

"Kidato cha pili."

Ijumaa moja mwaka 1995 zamu ya rozari ya jumuiya ilifika nyumbani kwao. Mchana huo umeme ulikatika Otmar akiwa katikati ya mchezo. Aliwahi kuvaa shati, akapanga viti, akasahau swichi. Watu kumi na wanne waliingia, pamoja na jirani Zipora, ambaye si Mkatoliki ila alikuja kwa ujirani mwema. Apolonia, mwenyekiti wa jumuiya, aliongoza. Walipofika tendo la tatu, Yesu anatiwa miiba kichwani, umeme ukarudi.

Tak. Tak-tak-tak. Kimya. Tak.

Sauti ilitoka chumba kilichofungwa, na kila mtu alijua kwamba wenye nyumba wote wawili wamepiga magoti sebuleni.

"Salamu Maria, umejaa neema," Apolonia alisema, polepole.

Tak-tak-tak, kilijibu chumba.

"Kuna nani humo?" Zipora aliuliza kwa sauti isiyo ya sala.

"Hakuna mtu," alisema Otmar. Mtu mkweli husema kweli hata pasipofaa.

Zipora hakungoja zaidi. Alitoka akiacha kiatu kimoja, na kabla hajafika kwenye bomba la maji hadithi ilikuwa imeshapata mkono wa maiti. Waliobaki wanasahauliwa na wasemaji wa mjini, kwa hiyo watajwe hapa: Otmar alifungua mlango, akainua kisanduku, akawaonyesha mota, wenzo na kisahani. Apolonia, mwanamke wa miaka sitini, aliinama akaangalia kwa miwani.

"Kwa hiyo huyu mama kwenye kioo anapigwa na kandambili?"

"Yeye ndiye anayepiga, Mama. Mimi ndiye ninayepigwa."

"Na wewe unafanya hivi ili iweje?"

Otmar alifikiri. "Kuna mtu anakuja Desemba ya mwakani."

Apolonia akatikisa kichwa kama aliyesikia ugonjwa wenye jina, akarudi sebuleni, akamalizia matendo mawili yaliyobaki. Watu kumi na wanne wanaujua ukweli. Aliyekimbia ndiye anayesadikiwa.

Kuanzia hapo wanawake bombani walinyamaza mkewe alipofika. Wateja wawili watatu walizichukua redio zao zikiwa bado hazijapona. Shikamoo za watoto zilikuja kwa mbali. Otmar aliyaona yote, akamuuliza mkewe kama akivunje kisanduku.

"Umekishinda cha sita?"

"Bado."

"Basi hakuna cha kuvunja."

Alikishinda cha sita mwezi wa tisa mwaka 1996, mara moja tu, bila kuruka hata mara moja. Hakupiga kelele. Mkewe alijua kwa sababu kiti hakikusogea kabisa.

Harusi ya Anjali ilijaza uwanja mzima nyuma ya duka. Otmar alivaa suti yake ya ndoa. Aliibeba mashine katika shuka lile lile la Nyarugusu, na Ankit alipomwona alifungua mikono, amenenepa kidogo, ana miwani mipya.

"Fundi! Bado unayo hiyo?"

"Ulisema Desemba."

Ilimchukua Ankit muda kukumbuka. Kisha akacheka, akamvuta chumba cha nyuma kati ya majora na masinia ya pilau ya mboga, wakachomeka. Mama Shali, Kipara. Otmar alivuta pumzi. Alisogea kwa nusu hatua, akangoja ngwala.

Ngwala haikuja. Mama Shali alitembea mbele, akarusha ngumi hewani, akaruka bila sababu. Otmar alimpiga mara moja, mara mbili. Raundi iliisha kabla ya mlio wa ngoma nje kubadilika. Ilikuwa raundi yake ya kwanza dhidi ya Ankit, aliyoingoja karibu miaka mitatu, na aliishika mkononi kama chenji ambayo mtu ameizidisha kimakosa. Ya pili ilikuwa hivyo. Ya tano Ankit aliweka pedi chini akicheka mpaka miwani ikateleza.

"Basi, basi! Umeniacha mbali. Mimi huko sijashika kitu hiki mwaka mzima na nusu, nimesahau hata kitufe kipi ni kipi. Wewe ni mchezaji, fundi. Nimesema."

"Ahsante," alisema Otmar.

"Lakini mtu hawi hivi peke yake. Ulicheza na nani?"

Nje walikuwa wakimwita Ankit apigwe picha. Otmar alikunja waya wa pedi polepole, mzunguko kwa mzunguko, na jibu lililomtoka lilimshangaza mwenyewe.

"Na mke wangu."

Ankit alidhani ni utani, akampiga begani, akatoka.

Otmar alirudi Nyahanga jua likiwa bado juu. Mkewe alikuwa mezani na madaftari. Alimsimulia yote, raundi baada ya raundi, na mwisho akasema, "Nimemshinda mtu ambaye hakuwepo. Sijui lolote zaidi ya nilivyojua mwanzo." Kisha aliingia chumbani. Sauti ya bisibisi ilisikika, mbao zikaachana, mota ikawekwa kwenye kopo la vipuri. Alitoka na pedi ya pili mkononi, ikiwa huru, ina alama ya kijiti kwenye kitufe, akaiweka juu ya daftari lililokuwa limefunguliwa.

"Cha sita," alisema, "nilikishinda mara moja katika miezi kumi na minane. Aliyekikata yupo."

"Mimi sijui kuishika hiyo."

"Unajua kila kitu isipokuwa kuishika."

Basi wanaosema kwamba kisanduku kilivunjwa na kugonga hakukukoma wamesikia sawasawa, na kwa mara hii moja Zipora hakuongeza kitu. Kuligongwa katika nyumba ile alasiri kwa alasiri, miaka miwili na miezi miwili, mpaka Februari 1999, moyo wa Otmar uliposimama kwa shinikizo la damu, kama daktari alivyoandika, na si kwa jini. Viti viwili vilisogea. Waliokuwa ndani ni mume na mke wa ndoa ya kanisa, mchana, madirisha wazi.

Shemeji zake wameuliza. Philomena ameuliza, akiwa mtu mzima mwenye haki ya kuuliza mengi. Ankit aliandika barua kutoka Uingereza aliposikia msiba, na baada ya pole aliuliza hilo hilo: kati ya hao wawili, nani alikuwa akishinda, na je, fundi aliwahi kujua alichotaka kujua.

Sisemi.